Bei ya siku moja ya kufunga kisiwa

Siku moja ya kufunga Unguja kwa ajili ya maradhi haina bei moja. Ifunge Aprili, masika yamekolea, wageni wachache na hoteli kadhaa za pwani zimejifunga zenyewe kwa matengenezo, utapoteza kidogo. Ifunge Agosti, au wiki ile ya kuelekea mwaka mpya, utapoteza mara kadhaa zaidi kwa saa zilezile 24. Wanaobishana "afya au uchumi" huviweka vitu hivyo viwili kwenye mzani mmoja kama kilo ya mchele na kilo ya sukari, wakasahau kuuliza mwezi gani.

Korona iliingia Tanzania Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16, na Zanzibar ikatangaza wake siku chache baadaye. Kwa upande wa mapato huo ulikuwa wakati wa nafuu kuliko wote: kaskazi inaondoka, masika yanabisha hodi, na Ramadhani ilikuwa inaanza mwishoni mwa Aprili. Skuli zilifungwa, ndege za kimataifa zikasimamishwa Aprili na kuruhusiwa tena Mei 18. Maradhi mengine yakitushukia Julai, hatua hizohizo zitakuwa na bei nyengine kabisa. Mpango wowote wa dharura wa kisiwa unafaa uwe na safu mbili za gharama, ya masika na ya msimu. Wenye safu moja tu unadanganya nusu ya mwaka.

Halafu kuna swali la nani hasa aliyeufunga uchumi. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni 538,264. Mwaka 2020 walikuwa 260,644. Ukuaji wa uchumi ulishuka kutoka asilimia 7 hadi asilimia 1.3. Sasa angalia: amri ya kusimamisha ndege ilidumu wiki chache, tena ndani ya masika. Hatukuwa na lokdauni ya watu kukaa ndani. Kuanzia katikati ya mwaka mlango ulikuwa wazi, na bado zaidi ya nusu ya wageni hawakuja. Mtu wa Milano aliyezuiwa kutoka nyumbani kwake hangefika Kiwengwa hata kama sisi tungemtandikia zulia uwanja wa ndege.

Kuna kipimo kizuri cha jambo hili kutoka Ulaya. Denmaki ilifunga shughuli Machi 2020, jirani yake Uswidi ikaacha nyingi wazi. Watafiti waliochunguza miamala ya benki ya wateja wa nchi zote mbili walikuta matumizi yameshuka takriban asilimia 29 Denmaki na asilimia 25 Uswidi. Yaani sehemu kubwa ya hasara ililetwa na maradhi yenyewe na hofu yake. Amri iliongeza kama pointi 4. Kwa hiyo anayetaka kujua gharama ya amri asichukue hasara yote ya mwaka akaibandika juu ya amri. Achukue tofauti tu. Kosa hili hufanywa na watu wenye digrii zao, si wa barzani peke yao.

Ila pointi 4 hizo hazigawiki sawasawa. Kwa mwenye mshahara ni kukosa chakula cha mkahawani. Kwa papasi wa Nungwi, yule mwongoza wageni wa mtaani, mchora piko wa ufukweni au muuza urojo, ni chakula cha leo. Hapo ndipo serikali ina la kufanya, na nitarudi huko mwishoni.

Hofu nayo ina soko lake. Tanzania iliacha kutangaza takwimu Aprili 29, 2020, hesabu ikiwa wagonjwa 509. Aliyedhani ukimya utawatuliza wageni alisahau kwamba abiria wetu wanapimwa wanakokwenda. Februari 2021 Waziri wa Afya wa Oman alisema asilimia 18 ya wasafiri waliotoka Tanzania walikutwa na maambukizi, na safari zikasitishwa. Uingereza ilikuwa imeshatufungia mwezi mmoja kabla. Hesabu zetu zilihesabiwa Maskati, na mwenye hoteli hakuwa na karatasi ya kumjibu wakala wake. Mwezi huohuo wa Februari, tarehe 17, alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza wazi kwamba ana korona. Kutangaza kule kulikuwa na thamani ya kiafya, na naamini kulikuwa na thamani ya kiuchumi pia, kwa sababu mgeni huogopa zaidi asichoambiwa.

Tuje kwenye hesabu yenyewe, maana bila ya hiyo maneno yote ni porojo. Kirusi cha mwanzo cha korona, kikiachwa, mgonjwa mmoja huambukiza watu 2 hadi 3. Chukua 2.5. Chukua pia kwamba kutoka mgonjwa mmoja hadi anayefuata ni kama siku 5. Katika siku 30 kuna mizunguko 6, na 2.5 ikizidishwa kwa yenyewe mara 6 ni 244. Punguza mikutano ya watu nusu tu, namba iwe 1.25, na mizunguko ileile 6 inakupa karibu 4. Umepunguza nusu, umepata sehemu ya 60. Hii ndiyo sababu hatua za wastani zikianza mapema hushinda hatua kali zikichelewa. Ukisubiri siku 15 ili "tuone hali", mizunguko 3 imeshapita na una wagonjwa mara 15 na ushei. Siku 15 hizo ulizozificha hotelini utazilipia skuli, bandarini na sokoni.

Swali basi ni hatua zipi za wastani. Mimi hupendelea kupima kila shughuli kwa mambo matatu: hewa, sauti na muda. Hewa inapita au imefungwa? Watu wananyamaza au wanapaza sauti? Wanakaa dakika 5 au saa 3? Kisha nauliza shughuli hiyo inamlisha nani.

Kilimo cha mwani pale Paje, Jambiani au Bweleo kinapita mitihani yote: uwandani, upepo wa bahari, kila mtu kwenye mistari yake, na kinawalisha akina mama ambao hawana kipato chengine. Hakuna sababu ya kukigusa. Kuchuma karafuu Pemba nako ni kazi ya hewani, mtu yuko juu ya mkarafuu. Hatari iko kwenye gari inayowabeba wachumaji wamebanana na kwenye kambi wanakolala chumba kimoja watu 10. Ukifunga uchumaji umeua zao la mwaka, kwa sababu karafuu ikifunguka ua bei yake imeondoka na haingoji tangazo. Ukiweka safari mbili za gari badala ya moja, na kulaza watu barazani badala ya chumbani, gharama ni mafuta ya gari na vyandarua.

Mnada wa samaki ni kinyume chake. Uko nje, sawa, lakini watu wanasongana uso kwa uso na dalali anapiga kelele, na hivyo hivyo wanunuzi. Dawa si kuufunga, samaki wataoza na wavuvi watauza gizani. Punguza marundo yanayonadiwa kwa wakati mmoja, wanunuzi wasimame upande mmoja wa meza, dalali apewe kipaza sauti cha betri. Kipaza sauti ni cha bei ndogo, na anayesema kwa sauti ya kawaida hutoa vitone vichache sana kuliko anayepiga kelele.

Chuo cha Qur'ani ni mfano ninaoupenda. Watoto 40 chumba kidogo, wote wanasoma kwa sauti, saa 2 kila siku: huwezi kubuni mahala pazuri zaidi pa kirusi. Wahamishe chini ya mwembe na tatizo karibu lote limekwisha, bila ya shilingi kutoka. Mvua ikinyesha wapewe ruhusa warudi nyumbani. Harusi ya ukumbini yenye viyoyozi ni hatari kwa kila kigezo na inaweza kungoja. Wapishi na wapambaji ndio wa kufidiwa hapo, na idadi yao inajulikana. Kwenye gari za abiria madirisha yafunguliwe hata mvua ikiwa ya rasharasha. Kwenye boti za Dar, abiria wa kawaida akipewa nafasi ya juu, kwenye upepo, yuko salama zaidi kuliko aliyelipia chumba cha baridi. Kipimo kidogo cha hewa ya ukaa kinaonyesha haya waziwazi: nje kinasoma kama sehemu 420 katika kila milioni ya hewa, na chumba kikipita 800 au 1,000 ujue watu wanavuta pumzi za wenzao.

Ndoo za koki za kunawia mikono zilikuwa kila mlango mwaka 2020, na pesa nyingi zilikwenda kwenye dawa za kupulizia. Kwa maradhi yanayokwenda na pumzi, faida ya kupuliza barabara ni karibu na sufuri. Shirika la Afya Duniani lilionya dhidi yake Mei 2020. Ndoo lakini sizitukani. Zanzibar imewahi kuhangaishwa na kipindupindu mara nyingi tangu 1978, na ndoo yenye sabuni ni dawa yake. Kwa wanaotaka klorini ya kusafishia sakafu na vyoo: dawa ya madoa ya asilimia 3.5, kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji, inatoa asilimia 0.5. Ichanganywe kila siku, kwa sababu ikikaa juani nguvu hupotea na watu huendelea kupangusia maji matupu huku wakijiona wamejikinga.

Sasa oksijeni, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo afya na uchumi vinapokutana kwa namba.

Mgonjwa wa kawaida wa korona kali anahitaji kama lita 10 za oksijeni kwa dakika. Mtungi mkubwa una lita 6,800. Gawa: dakika 680, yaani saa 11 na dakika 20. Mgonjwa mmoja anamaliza mitungi 2 na kidogo kwa siku. Wagonjwa 10 wanamaliza 21. Kama mitungi ya Pemba inapelekwa kujazwa ng'ambo na safari ya kwenda na kurudi ni siku 2, basi wagonjwa 10 wanahitaji mitungi 42 iliyomo safarini na wodini, na 21 zaidi ya akiba, kwa sababu kusi ikivuma boti hukaa. Mitungi 63 kwa wagonjwa 10. Wapangaji wengi huandika 21 na kulala usingizi.

Mashine ya kuzalisha oksijeni kutoka hewani inapunguza safari hizo. Ile ya lita 10 inakula kama wati 600, hivyo mashine 10 ni kilowati 6. Zinakufa kwa mambo matatu: umeme wa kupanda na kushuka, vumbi na unyevu wa chumvi. Kila mashine iwe na kifaa cha kutuliza umeme, na chujio la nje lioshwe kila wiki kwa maji na sabuni, likaushwe kabisa kabla ya kurudishwa. Na jenereta yenye mafuta iwepo. Unguja ilikaa bila umeme kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu, waya wa baharini ulipoharibika. Hospitali iliyojaa mashine za oksijeni na isiyo na dizeli ni ghala la vyuma.

Kuna pia kipima oksijeni cha kidole. Kinasoma vibaya kwenye kucha zenye piko nyeusi au rangi, na vidole vya baridi. Tafuta kidole kisichopakwa, hata cha mguu. Isitoshe, utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba vifaa hivi huwapa watu wa ngozi nyeusi namba nzuri kuliko hali yao mara nyingi zaidi kuliko weupe. Kwetu basi anayesoma asilimia 92 na anahema asirudishwe nyumbani kwa kuwa kitabu cha mwongozo kimeandika apokelewe aliye chini ya 90.

Uchumi unaingia hivi. Tuseme kisiwa kinaweza kuwapa oksijeni watu 20 kwa wakati mmoja, na kila mmoja anakaa siku 10. Vitanda hivyo vinapokea wapya 2 kwa siku. Tuseme kwa umri wa watu wetu, walio wengi vijana, watu 5 katika kila 100 walioambukizwa watahitaji oksijeni. Basi kisiwa kinastahimili maambukizi mapya 40 kwa siku kabla ya watu kufa mlangoni na serikali kulazimika kufunga. Ukiongeza oksijeni mara mbili, kinastahimili 80. Inaonekana ni ushindi mkubwa. Lakini namba ya uambukizaji ikiwa 2.5, kutoka 40 hadi 80 ni siku 4 tu. Umenunua mashine, mitungi, jenereta, ukapata siku 4. Namba hiyo ikiwa 1.1, kwa mwembe, madirisha na kipaza sauti cha dalali, oksijeni ileile inakununulia siku 36. Siku 36 ni zaidi ya theluthi ya msimu wa Julai hadi Septemba. Kila kimoja kinazidisha thamani ya mwenziwe, na bajeti inayoviweka kwenye mafungu mawili ya kushindana, hili la afya na lile la uchumi, haitaliona hilo.

Kupima uwanja wa ndege kunapendwa na wanasiasa kwa kuwa kunaonekana. Chukua wageni 10,000, nusu ya asilimia wameambukizwa, yaani 50. Kipimo cha haraka kinachokamata 80 katika kila 100 wenye kirusi kitawakamata 40 na kuwaachia 10. Kama kinakosea mara 1 katika kila wazima 100, kitawatuhumu karibu 100 wasio na kitu. Umewazuia 140, na 100 kati yao walikuja kuogelea wakiwa wazima. Hao ndio watakaoandika mitandaoni. Ndiyo maana anayetoka na alama mbaya lazima apimwe tena kwa PCR, kile kipimo cha maabara, ndani ya saa 24, chumba kilipiwe na serikali usiku huo, na aliyepita apimwe tena siku ya 5, kwa sababu aliyeambukizwa juzi hakionekani kitu leo.

PCR ni ghali, ila sampuli 5 zinaweza kuchanganywa kirija kimoja. Kwa wageni wale 10,000 utafanya vipimo 2,000, na kisha kuvifungua virija visivyozidi 50 mtu mmoja mmoja, vipimo 250 zaidi. Jumla 2,250. Maambukizi yakifika asilimia 20 acha mtindo huu, kwani theluthi mbili za virija zitatoka na kirusi na utakuwa unafanya kazi mara mbili. Pemba ina Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri pale Wawi tangu 2000. Sampuli inayopimwa kisiwani haingoji boti, na jibu la siku 3 halina faida kwa yeyote.

Bandari haifungiki. Mchele tunaokula mwingi unatoka nje, na Malindi ikisimama wiki mbili njaa itatangulia kirusi. Kinachojadiliwa ni abiria tu, na hapo kuna bandari bubu. Ukizifunga bandari za Pemba, Mkoani na Wete, kwa abiria, watu watashuka usiku kwa mashua kwenye vichochoro vya mikoko, na hakuna atakayeandika majina yao. Kituo cha ukaguzi kinachovumilika, chenye foleni fupi na bila ada, kinakamata watu wengi kuliko marufuku. Na karantini isihesabiwe kwa watu, ihesabiwe kwa vyumba: abiria 100 kwa siku, siku 14, ni vyumba 1,400 kwa wakati mmoja. Ukipima siku ya 7 na kuwaachia wazima, ni 700. Majengo ya Changuu, yaliyojengwa miaka ya 1890 kuwa jela na yakaishia kuwa karantini, yalitosha kwa zama za meli. Leo hayamezi hata ndege moja.

Nimesema nitarudi kwa papasi na muuza urojo. Zanzibar ina kitu ambacho nchi nyingi hazina: tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 na zaidi anastahili pensheni ya jamii, ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Maana yake kuna orodha ya watu walio hatarini zaidi, shehia kwa shehia, na njia ya kuwafikishia pesa. Tuseme ni wazee 30,000. Kuwaongezea shilingi 30,000 kwa mwezi kila mmoja kwa miezi 3, ili mjukuu asilazimike kutoka kutafuta na kumrudishia kirusi, ni shilingi bilioni 2.7.

Orodha ya pili, ya wanaoishi kwa kipato cha siku, haipo, na hapo ndipo mambo huharibika. Sheha anawajua waliozaliwa mtaani. Hawajui wapangaji wa Paje na Kendwa, wapishi, walinzi na wahudumu waliotoka bara, ambao hoteli ikiwapunguza Jumatatu, Jumanne wako kwenye boti, wamebanana, wanaelekea majumbani kwa wazee wao. Mwezi mmoja wa kodi ya chumba na posho ya chakula ungewabakisha walipo. Majina yao yanaweza kukusanywa kwa wenye nyumba na wakuu wa zamu, jina, simu, kitambulisho, chumba. Kazi hiyo ifanywe Februari, hoteli zingali zimejaa. Likija tangazo la kwanza la ugonjwa, sheha atakuta kufuli milangoni.